Lugha ya Kifurushi: Televisheni ya Kulipia na Kiswahili katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika



Huenda mada hii ikawashangaza wale waliozoea kuona mihadhara ya taaluma za Kiswahili ikishughulika na tenzi, ngeli au asili ya lahaja. Sina budi basi kueleza kwa nini nimeichagua. Mkazi wa Kibirizi, Katonga au Ujiji anapoketi jioni mbele ya runinga, Kiswahili anachokisikia kutoka nje ya mtaa wake kinamfikia, kwa kiasi kikubwa, kwa njia ya malipo. Kiswahili hicho kina saa zake, kina bei yake, na kinaweza kukatwa. Uamuzi wa Kiswahili kipi kisikike, na kimfikie nani, hupitishwa mara nyingi na mhasibu aliye mbali na ziwa. Sisi wa taaluma ya lugha hatujamchunguza mhasibu huyo vya kutosha.

Jambo lenyewe si geni katika mahali tunapopazungumzia. Ujiji ilikuwa kituo cha misafara kabla Stanley hajamkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Kutoka Ujiji Kiswahili kilivuka ziwa kwa mitumbwi kikaingia Manyema, na hata leo ni lugha ya masoko ya Uvira, Baraka na Kalemie. Kilivuka pamoja na biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa, si kwa mpango wa chama chochote cha lugha. Kwa hiyo anayeshangaa kuona lugha ikisafiri mgongoni mwa bidhaa anashangaa historia ya Kigoma yenyewe.

Tuanze na istilahi, maana ndizo mlango wetu. Kifaa kinachopokea mawimbi na kuyageuza kuwa picha kina majina mawili. La kwanza, king'amuzi, limetokana na kitenzi ng'amua, yaani kutambua jambo lililofichika; limeundwa kwa kanuni ile ile inayotupa mchambuzi kutokana na chambua. La pili, kisimbuzi, limejengwa juu ya msimbo. Kusimba ni kuweka ujumbe katika msimbo, na kusimbua ni kuuondoa humo, kama ilivyo fumba na fumbua, ziba na zibua. Kwa maoni yangu jina la pili ni sahihi zaidi kiufundi, lakini la kwanza limeshinda mitaani, na sioni sababu ya kulipiga vita. Mtu aliyebuni king'amuzi alielewa hisia ya mtumiaji: kuna kitu hewani ambacho jicho halikioni, na sanduku hili hukitambua.

Neno la tatu ndilo zito kuliko yote. Kifurushi ni udogo wa furushi, mzigo wa vitu mbalimbali uliofungwa pamoja katika kitambaa. Kampuni za simu na za televisheni zimelifanya neno hili kuwa miongoni mwa nomino zinazotajwa zaidi katika maisha ya kila siku. Nitalirudia, kwani ndani yake mna siri yote ya biashara hii.

Tazama kwanza biashara yenyewe inavyokwenda. Kampuni ya televisheni ya setilaiti hununua haki za kuonyesha vipindi, hukodi nafasi katika setilaiti, na huagiza ving'amuzi na madishi. Sehemu kubwa ya gharama hizo hulipwa kwa dola, ilhali mteja wa Kigoma analipa kwa shilingi. Shilingi inaposhuka thamani, kampuni hubanwa pande zote mbili. Setilaiti nayo iko kilometa zipatazo 36,000 juu ya mstari wa ikweta, na mawimbi yake huanguka juu ya kila paa, la aliyelipa na la asiyelipa. Kinachouzwa, kwa hakika, ni ufunguo. Kila kadi ina namba yake. Mteja akilipa kwa simu, kituo hurusha amri inayopanda hadi setilaiti na kushuka bara zima, na katika ving'amuzi vyote ni kimoja tu kinachoitii. Amri hiyo hurudiwa kwa muda fulani kisha huachwa, na ndiyo sababu fundi humwambia mteja aache kifaa kikiwa kimewashwa baada ya kulipa.

Tabia moja ya mfumo huu inastahili kukumbukwa. Gharama ya setilaiti haiongezeki watazamaji wakiongezeka. Mtazamaji wa milioni moja haigharimu kampuni zaidi ya yule wa kwanza, ukiondoa king'amuzi chake. Hivyo kampuni inaweza kuuza king'amuzi kwa hasara ili kumpata mteja, ikitumaini kuirudisha hasara hiyo katika miezi ya malipo. Adui wake mkubwa ni mteja anayelipa mwezi mmoja na kupotea miezi mitatu.

Nani hasa wamefanya biashara hii kwetu? Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. MultiChoice ya Afrika Kusini ilizindua DStv mwaka 1995, na kwa miaka mingi dishi lake lilikuwa alama ya nyumba ya mwenye nacho. StarTimes ya China iliingia kwa ubia na shirika la utangazaji la Taifa, TBC, nchi ilipokuwa ikijiandaa kuhama kutoka analojia kwenda dijitali. Mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2013, Azam Media ya kundi la Bakhresa ilianza Azam TV. Hapo ndipo hesabu ya lugha ilipobadilika, kwa sababu kwa mara ya kwanza kampuni kubwa ya kulipia ilikuwa na makao yake Dar es Salaam na soko lake la kwanza lilikuwa la wasema Kiswahili.

Jiografia ya Kigoma inafanya setilaiti kuwa ya lazima kuliko ilivyo katika miji mingine. Vijiji vingi vya mwambao, kama Mwamgongo upande wa kaskazini wa Gombe, vimebanwa kati ya maji na miinuko mikali, na mawimbi ya minara ya ardhini hukingwa na milima hiyo. Setilaiti haijali milima. Azam TV imekuwa ikirusha kutoka nyuzi 7 mashariki, na Kigoma iko karibu nyuzi 29.6 mashariki, kwa hesabu ya kawaida ya pembe, dishi lake hapa huelekea magharibi, likiinuliwa kiasi cha nyuzi 63. Yaani linatazama juu ya ziwa, upande wa Kongo. Dishi la setilaiti iliyo nyuzi 36, ambayo DStv imeitumia kwa miaka mingi kwa Afrika Mashariki, huelekea kaskazini-mashariki na kulala karibu chali. Mgeni asiyejua lolote anaweza kutembea Mwanga au Ujiji na kusoma mapato na mapenzi ya kila nyumba kwa kutazama mapaa tu.

Sasa turudi kwenye kifurushi. Kwa nini kampuni isimwache kila mtu anunue chaneli aitakayo? Chukua mfano wa kubuni. Mvuvi yuko tayari kulipa shilingi 15,000 kwa mpira na 5,000 kwa tamthilia. Mama lishe yuko tayari kulipa 15,000 kwa tamthilia na 5,000 kwa mpira. Ukiuza kila kimoja peke yake kwa 15,000, kila mmoja atanunua kimoja, nawe utapata 30,000. Ukivifunga pamoja na kuviuza kwa 20,000, wote wawili watanunua, nawe utapata 40,000. Wateja nao wamepata zaidi ya walichokuwa nacho. Furushi lina faida kwa anayelifunga kwa sababu watu wanapenda vitu tofauti, na kadiri tofauti hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo furushi linavyolipa.

Angalia majina waliyoyapa mafurushi hayo. Kwa DStv Tanzania, vifurushi vya bei ya chini vimeitwa Poa, Bomba na Shangwe. Vya juu vimebaki Compact, Compact Plus na Premium. Ngazi ya bei ni ngazi ya lugha pia: Kiswahili cha vijana chini, Kiingereza juu. StarTimes ilifuata njia nyingine kwa kuwa na Nyota, Mambo, Uhuru na Kili, ngazi nzima kwa Kiswahili, kilele kikiwa ufupisho wa mlima mrefu kuliko yote. Sidhani kwamba mtu aliketi na kukusudia kukidhalilisha Kiswahili. Wauzaji huandika kile wanachoamini kuwa mteja anakiamini. Lakini mwanaisimu-jamii anayetafuta ushahidi wa hadhi ya lugha katika Tanzania ya karne hii hana haja ya hojaji; orodha ya bei inamtosha.

Mwezi wa malipo nao ni jambo la kutafakari. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokaribia ukamilifu hupumzika, kwa kuwa samaki hawakusanyiki tena kwenye mwanga wa taa. Kipato chao hupanda na kushuka kwa kufuata mwezi wa angani wenye siku 29 na nusu, ilhali king'amuzi huhesabu siku 30 bila kujali giza wala mbalamwezi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hiyo ni miezi mitatu ya malipo ambayo nyumba ya mvuvi ilitakiwa kuitafutia fedha kwingine. Vifurushi vya siku na vya wiki, ambavyo StarTimes imekuwa ikiviuza, vinafaa zaidi maisha ya mwaloni. Mhasibu hapendi sana vifurushi hivyo, kwa kuwa vinamzoeza mteja kukata. Umeme nao ulikuwa kikwazo kingine: kabla ya mkoa kuanza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli.

Asiyeweza kulipa peke yake hulipa pamoja na wenzake, na hapa tunakutana na neno ambalo wanaleksikografia wanapaswa kulishika mapema: kibanda umiza. Ni banda la kuonyeshea video na mpira, lenye mabenchi yaliyobanana na hewa nzito. Mwili unaumia, lakini goli linaonekana. Kitenzi kimesimama baada ya nomino bila kiunganishi chochote. Ni muundo wa kufurahisha, na ningependa kumwona mwanafunzi wa mofolojia akiufanyia kazi. Katika vibanda hivi ndimo alimositawi mfasiri wa filamu aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings amemwandikia. Filamu ilikuwa ya Marekani, ya India au ya Hong Kong. Sauti ilikuwa ya Lufufu, akieleza, akitania, akiongeza methali ambazo hazikuwamo. Kampuni za kulipia zilipoingia katika biashara ya kutia sauti filamu kwa Kiswahili zilikuta hadhira iliyokwisha kufunzwa vibandani.

Kutia sauti ni ghali kuliko kuandika tafsiri chini ya picha, lakini maandishi yanamtaka mtazamaji asome haraka, na katika banda lenye giza wazee na watoto huachwa nyuma. Mfano uliofungua njia ulikuwa tamthilia ya Kichina iliyoonyeshwa na TBC mwaka 2011 kwa jina la Mao Doudou na Mama Wakwe Zake. Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Baadaye StarTimes iliendesha mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili, na Azam ikaleta tamthilia za Kituruki. Mtafsiri hapa anafungwa na midomo ya mwigizaji. Tamko la mapenzi katika Kichina lina silabi tatu, wo ai ni. Katika Kiswahili lina nne, nakupenda. Katika Kituruki lina sita, seni seviyorum. Mfano mmoja hauthibitishi kanuni, lakini unaonyesha tatizo: mwenye kutia sauti juu ya Kichina hukimbizwa na muda, ilhali juu ya Kituruki anabakiwa na nafasi ya kuvuta pumzi.

Uandishi wa moja kwa moja katika Kiswahili umekua pia. MultiChoice ilianzisha chaneli ya Maisha Magic Swahili mwaka 2014, ambayo baadaye ilipewa jina la Maisha Magic Bongo. Azam ina Sinema Zetu. Kiswahili cha chaneli hizi ni cha Dar es Salaam karibu chote. Mhusika anayezungumza kama mtu wa Ujiji, au mwenye lafudhi ya Kiha, huwekwa mara nyingi ili achekwe. Hili linanisikitisha zaidi ya majina ya vifurushi. Majina yatabadilishwa na idara ya masoko mwaka ujao. Mtoto aliyezoea kucheka lafudhi ya bibi yake habadilishwi kwa barua ya ofisi.

Kwa upande wa mpira hali ni ya kutia moyo. Mei 2021 Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa haki za Ligi Kuu. Tarehe 25 Julai mwaka huo huo fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga ilichezwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakashinda 1–0, na Kigoma iliyozoea kutazama Dar es Salaam ikatazamwa na Dar es Salaam. Mwaka 2023 Mashujaa ya Kigoma ilipanda Ligi Kuu. Watangazaji wa michezo hii wanatumia msamiati ambao haukuundwa na kamati: kuotea, tobo, kanzu, chenga. Kanzu, kupitisha mpira juu ya kichwa cha mpinzani na kuupokea nyuma yake, kama vazi linavyopita kichwani, ni sitiari kamili. Haki za matangazo zikienda kwa kampuni inayotangaza kwa lugha nyingine, msamiati huu unarudi vijiweni.

Serikali nayo imekuwa na neno. Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliziamuru kampuni za kulipia, zikiwamo Azam na MultiChoice, ziondoe chaneli za ndani ambazo kwa leseni zao zilipaswa kuonekana bure. Hoja ya kisheria ilikuwa na mantiki: kilicho cha bure kisifungiwe ndani ya kifurushi na kukatwa malipo yanapokwisha. Lakini hoja hiyo ilimdhania mtazamaji aliye karibu na mnara. Kwa kijiji kilicho nyuma ya mlima, chaneli iliyoondolewa kwenye setilaiti haikubaki bure, ilipotea. Haki ya raia kusikia habari kwa lugha yake ilitegemea nyuzi za mwinuko wa dishi.

Mfumo wa intaneti umeleta mambo mapya. StarTimes, Azam na DStv zina programu za simu, na Showmax ilianzishwa mwaka 2015 na kuzinduliwa upya mwaka 2024. Hapa hesabu inageuka. Kila mtazamaji anayeongezeka anaigharimu kampuni uwezo wa mtandao, na mtazamaji mwenyewe analipa mara mbili, kifurushi cha chaneli na kifurushi cha intaneti, kwa neno lile lile. Kubwa zaidi ni suala la mpaka. Mawimbi ya setilaiti hayasimami katikati ya ziwa; dishi na king'amuzi vilivyonunuliwa Kigoma vina uwezo wa kupokea picha ile ile Uvira, hata kama haki za kuionyesha ziliuzwa kwa Tanzania peke yake. Programu ya simu, kinyume chake, huitambua nchi aliko mtumiaji kwa anwani ya mtandao wake, na humfungia mlango. Teknolojia ya zamani iliifuata lugha. Hii mpya inafuata dola.

Ng'ambo ya pili soko limekuwa la Canal+ ya Ufaransa, na Kifaransa chake. Kampuni hiyo inajua thamani ya lugha za Afrika: ina Maboke TV kwa Kilingala, na mwaka 2022 iliinunua kampuni ya Kinyarwanda iitwayo Zacu. Septemba 2025 Canal+ ilikamilisha kuinunua MultiChoice. Basi mmiliki huyo mmoja ana biashara ya kulipia katika kingo zote mbili za Ziwa Tanganyika, ukingo wa Kiingereza na ukingo wa Kifaransa, na lugha inayoziunganisha kingo hizo ni ile ya soko la Ujiji.

Hapo ndipo ninapowaomba wanafunzi wanaotarajia kuwa wafasiri, waandishi wa tamthilia na watayarishaji wasome mikataba yao kwa makini. Haki za kipindi huuzwa kwa vipimo viwili, nchi na lugha. Mtayarishaji wa Kigoma anayeandikiwa kwamba anauza haki za Tanzania ameuza Tanzania. Anayeandikiwa kwamba anauza haki za Kiswahili, bila neno lingine, ameuza Uvira, Kalemie, Bujumbura, Mombasa na Maskati kwa saini moja, na bei aliyolipwa mara nyingi imepigwa kwa kuhesabu madishi ya nchi moja.